Maji na Magurudumu: Historia ya Nishati na Usafiri Kisangani

Kisangani imekaa mahali ambapo mto Kongo unaacha kuruka na kuanza kutambaa. Juu ya mji, kuanzia Ubundu mpaka kwenye ukingo wa Wagenia, maji yanashuka kwa maporomoko saba yaliyotawanyika katika mwendo wa kilomita mia moja hivi. Chini ya poromoko la mwisho mto unatulia na kubeba vyombo kwa kilomita 1,734 hadi Kinshasa. Kaskazini mwa mji, mto Tshopo nao unaanguka juu ya miamba yake kabla ya kuingia katika mto Lindi. Miji ya Afrika iliyozungukwa na nguvu ya maji kiasi hiki ni michache. Hata hivyo, hakuna treni, basi wala meli ya Kisangani iliyowahi kuendeshwa kwa umeme wa maji hayo. Watu na mizigo wamesafirishwa kwa misuli, kwa kuni, kwa dizeli na kwa petroli. Umeme ulipokuja uliwasha taa na kuendesha viwanda, ukaishia hapo. Historia ya usafiri wa mji huu ni historia ya maji na magurudumu kuishi jirani bila kukutana.

Chombo cha kwanza kilikuwa mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja. Wagenia, wavuvi wa maporomoko, waliendesha mitumbwi yao wakiwa wamesimama, kwa makafi marefu, na walijua kila mkondo na kila mwamba. Chini ya maporomoko, Walokele wa upande wa Isangi na Yangambi walifanya biashara kwa mitumbwi mikubwa, wakipeleka samaki na vyungu na kurudi na mazao ya shamba. Kushuka mto hakukuhitaji nguvu nyingi, maana maji yenyewe yalibeba. Kupanda ndiko kulikodai jasho: wapiga kafi walikaa karibu na ukingo ambako mkondo ni dhaifu, na safari ya kurudi ilikula siku nyingi kuliko ya kwenda. Tofauti hiyo kati ya kushuka na kupanda haijafutwa na injini yoyote mpaka leo. Magogo ya mbao bado yanafungwa pamoja yakaachwa yaelee kuelekea Kinshasa, lakini hakuna kinachopanda kwa bure.

Maporomoko saba yalikuwa mpaka wa vyombo vyote. Januari 1877 msafara wa Henry Morton Stanley, uliotoka Zanzibar, ulifika hapo kutoka Nyangwe. Wapagazi wake wengi walikuwa Wangwana, watu wa pwani wenye kusema Kiswahili. Wao ndio waliofyeka njia msituni na kuvuta mitumbwi nchi kavu kuzunguka kila poromoko, huku wakipigana na wenyeji waliolinda mto wao. Desemba 1883 Stanley alirudi kutoka upande wa magharibi na kuweka kituo kwenye maporomoko. Wakati huo wafanyabiashara wa Kizanzibari walikuwa wameshafika. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa eneo hilo mwaka 1887 kwa makubaliano na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alisimamia njia ya pembe za ndovu iliyokwenda mashariki hadi Bahari ya Hindi. Njia hiyo yote iliendeshwa kwa mabega ya watu, wengi wao watumwa. Haikutoa moshi wowote angani, na ilikuwa miongoni mwa njia katili kuliko zote zilizojulikana Afrika. Ni jambo la kukumbukwa kila usafiri unapopimwa kwa moshi peke yake.

Meli za mvuke zilibadili uelekeo wa biashara. Zilifika kwenye mto wa juu vipande vipande, zikibebwa na wapagazi kutoka Matadi kuzunguka maporomoko ya chini, kwa sababu reli ya Matadi hadi Léopoldville (leo Kinshasa) ilikamilika mwaka 1898 tu. Huko juu ziliunganishwa kwa ribiti na kushushwa majini. Mwaka 1890 meli ndogo iitwayo Roi des Belges iliondoka Kinshasa tarehe 3 Agosti, ikafika kwenye kituo cha maporomoko, Stanley Falls, tarehe 1 Septemba. Mmoja wa mabaharia wake alikuwa Mpolandi, Józef Korzeniowski, ambaye baadaye aliandika vitabu kwa jina la Joseph Conrad. Karibu mwezi mzima wa kupanda, kwa chombo chenye injini, unaonyesha jinsi mkondo ulivyokuwa mzito na jinsi kazi ya kulisha tanuri ilivyochelewesha safari.

Tanuri hiyo ilikula kuni. Hakukuwa na makaa ya mawe karibu, na msitu ulianzia pale pale maji yalipoishia, kwa hiyo kila jioni meli iliegesha na wafanyakazi wakaingia msituni na mashoka na misumeno kukata kuni za kesho yake. Usafiri ulipoongezeka, Dola Huru ya Kongo, koloni la Leopold, iliweka vituo vya kuni kando ya mto. Vijiji vya jirani viliagizwa kupeleka magogo yaliyokatwa kwa kipimo na kupangwa ukingoni, na agizo hilo lilifuatwa na adhabu. Ikipimwa kwa vigezo vya leo, meli ya Roi des Belges ilitumia nishati jadidifu: mti uliokatwa ungeweza kuota tena, na kaboni yake kurudi kwenye majani. Lakini gharama yake ililipwa na mkata kuni asiyelipwa, na msitu wa ukingoni ulirudi nyuma mwaka hadi mwaka karibu na kila kituo. Hesabu ya nishati isiyomtia mtu ndani ina kasoro tangu mwanzo wake.

Katika miaka hiyo hiyo Ulaya ilikuwa na mapinduzi yake ya usafiri. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo, na baiskeli, ambayo mpaka hapo iliwatikisa mifupa waliothubutu kuipanda, ikawa chombo cha kila mtu. Magari yalifuata. Tarehe 29 Aprili 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivunja mpaka wa kilomita 100 kwa saa karibu na Paris, wa kwanza duniani kufanya hivyo barabarani, na gari lake La Jamais Contente liliendeshwa kwa umeme wa betri. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba gari la umeme lilitangulia katika mbio hizo. Lisilotajwa sana ni matairi yake. Dunia ya baiskeli na magari ilihitaji mpira, na kabla ya mashamba ya mpira ya Asia kukomaa, misitu ya Kongo ilikuwa chanzo kimoja kikubwa. Mwaka 1901 Dola Huru ilisafirisha karibu tani 6,000. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika ardhi ambayo leo ni mkoa wa Tshopo, hasa bonde la Lomami, chini ya Kampuni ya Lomami iliyoundwa mwaka 1898. Wanavijiji walitumwa kugema mitambaa ya mwituni. Walioshindwa kutimiza kipimo walichapwa viboko, na wake zao waliwekwa rehani. Kelele za watetezi kama Edmund Morel na ripoti ya Roger Casement zilisaidia kumnyang'anya Leopold koloni lake mwaka 1908. Usafiri safi wa miji ya Ulaya ulikuwa na mizizi hapa, na wana wa Tshopo waliougharamia hawakupanda hata baiskeli moja.

Reli ilikuja kumaliza tatizo la maporomoko. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Kongo ya Juu hadi Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, chini ya tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain. Kazi ilianza mwaka uliofuata, na mwaka 1906 treni zilianza kwenda kutoka Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo, kwenye ukingo wa kushoto unaoitwa leo Lubunga, hadi Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu. Umbali ni kilomita 125. Toka Ubundu meli nyingine zilipanda mto hadi Kindu, kisha reli tena hadi Kongolo, na kufikia 1915 reli ya kutoka Kabalo ilikuwa imegusa Ziwa Tanganyika kule Kalemie. Msafiri aliweza kutoka Atlantiki hadi ziwani kwa kubadili treni na meli mara kadhaa. Mzigo ulipakuliwa na kupakiwa upya kila mahali, na kila kupakua kulikuwa kazi ya mabega.

Empain alikuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa usafiri wa umeme duniani. Kampuni yake ndiyo iliyoendesha metro ya Paris, iliyofunguliwa Julai 1900 kwa umeme. Tramu zake za umeme zilikwenda katika miji mingi, na Cairo alijenga kitongoji kizima cha Heliopolis chenye tramu ya umeme kukiunganisha na mji. Mwaka 1904 alikuwa na kiwanda cha mashine za umeme Charleroi. Lakini reli yake iliyopita kando ya maporomoko saba, jirani na maji yanayonguruma usiku na mchana, iliendeshwa kwa vichwa vya treni vya mvuke vilivyochoma kuni. Sababu haikuwa ujinga. Reli ya kilomita 125 yenye treni chache kwa wiki haikuweza kulipa gharama ya bwawa, nguzo na nyaya, na kuni zilikuwa karibu, zikikatwa na watu wanaolipwa kidogo sana. Pale kazi ya mwanadamu ilipofanywa kuwa rahisi mno, mashine bora ilionekana ghali.

Mahali pengine pa Kongo hesabu hiyo ilikwenda kinyume. Katanga, ambako Union Minière ilihitaji umeme kuyeyusha shaba, mabwawa yalijengwa mapema. La Mwadingusha lilianza kazi mwaka 1930. Katika miaka ya 1950 reli ya huko ilianza kuwekewa umeme, kipande cha Jadotville hadi Tenke kikitangulia mwaka 1952, kwa mkondo ambao mataifa ya Ulaya yenyewe yalikuwa bado yanaujaribu. Léopoldville, kuanzia 1955, ilikuwa na mabasi 12 ya aina ya kipekee yaliyotengenezwa Uswisi. Kila basi lilibeba gurudumu zito la chuma lililozungushwa kwa umeme kituoni, kisha mzunguko huo ukageuzwa kuwa umeme wa kuendesha basi hadi kituo kinachofuata, bila nyaya juu na bila moshi. Hakuna mji mwingine duniani uliokuwa na mengi kiasi hicho. Yalikula umeme mwingi, vifaa vyake vilichakaa haraka katika barabara mbovu, na mwaka 1959 yaliondolewa. Hata hivyo yalithibitisha kwamba usafiri wa umeme haukuwa jambo geni Kongo. Ulifuata shaba na mji mkuu.

Upande wa Tshopo ulichangia kwa njia nyingine, kupitia mchikichi. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji iliipa kampuni ya Lever haki ya kukusanya ngazi za mchikichi katika maeneo makubwa matano. Moja lilizunguka Elisabetha, leo Lokutu, katika eneo la Basoko, chini ya Kisangani. Mafuta ya mawese yalikwenda kutengeneza sabuni na siagi ya mimea. Mwaka 1937 mwanakemia Georges Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya Ubelgiji ya kugeuza mafuta ya mawese, kwa kutumia kilevi, kuwa kimiminika kinachoweza kuchomwa katika injini ya dizeli. Majira ya joto ya 1938 basi la abiria kati ya Brussels na Leuven liliendeshwa kwa mafuta hayo. Wanaosimulia historia ya biodizeli duniani huanzia hapo. Lengo la Chavanne na waliomuunga mkono lilikuwa koloni: mashine za Kongo ziweze kujiendesha kwa mafuta ya Kongo badala ya kuagiza petroli iliyopanda gharama kwa safari ya bahari, reli na mto. Baada ya vita bei ya petroli ilishuka, na wazo hilo likawekwa kabatini. Mashamba ya Lokutu yapo hadi leo, pamoja na mizozo ya muda mrefu ya ardhi kati ya wenye mashamba na vijiji, na kila anayependekeza mafuta ya mimea kama nishati safi anapaswa kuanza kwa kusikiliza vijiji hivyo.

Umeme wa maji ulifika Stanleyville katika miaka ya 1950, pale bwawa lilipojengwa kwenye maporomoko ya Tshopo, pembezoni mwa mji. Mtambo wa tatu uliongezwa katika miaka ya 1970, mji ulipokuwa umebadilishwa jina kuwa Kisangani (1966) na kiwanda cha nguo cha SOTEXKI kilipohitaji nguvu zaidi. Mitambo mitatu kwa pamoja haifikii megawati 20. Usimamizi ulikuwa mikononi mwa SNEL, shirika la umeme la taifa lililoundwa mwaka 1970. Kwa kipimo cha wakati ule haukuwa umeme mdogo. Ulitosha taa za mitaa, hospitali, viwanda na pampu za maji. Kwa upande wa usafiri, hata tramu moja haikupangwa kuutumia. Wakati huo huo, meli za mtoni zilikuwa zimeacha kuni na kuingia kwenye dizeli, na vikosi vya majahazi ya kusukumwa, yaliyofungwa pamoja na kubeba abiria juu ya mizigo, vilikuwa vya shirika la serikali, kwanza OTRACO, kisha ONATRA kuanzia 1971. Kuacha kuni kuliongeza kasi na kuwapumzisha wakata kuni. Kulifunga pia mji wa ndani kabisa wa Afrika kwenye mafuta yanayotoka baharini.

Kifungo hicho kilionekana wazi miaka ya 1990. Uporaji wa 1991 na 1993 uliangusha biashara za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mashine za ONATRA zilikosa vipuri, na lita moja ya petroli Kisangani ikawa bidhaa ya anasa. Reli ya Ubundu ilifanya kazi kwa kubahatisha. Mwaka 1997 wakimbizi wa Kirwanda waliosukumwa na vita walipiga kambi kando ya reli hiyo, wakitambulishwa kwa kilomita walizofikia, na tarehe 4 Mei treni iliyowarudisha Kisangani ikitokea Biaro ilifika na maiti 91 za watu waliokosa hewa katika mabehewa yaliyojazwa kupita kiasi. Agosti 1998 vita vya pili vya Kongo viligawa nchi, mstari wa mbele ukakata mto kati ya Kisangani na Kinshasa, na mji ukabaki kisiwa katikati ya msitu.

Katika kisiwa hicho baiskeli ndiyo iliyookoa maisha. Vijana walifunga kiti chenye mto laini nyuma ya baiskeli na kuchukua abiria kwa malipo. Mji mzima ukawaita toleka. Baiskeli zilipeleka wagonjwa hospitali, wanafunzi shuleni na mama wa sokoni na vikapu vyao, na zilikuwapo kila kona kutoka Makiso hadi Mangobo. Wengi wa waliozikanyaga walikuwa wamepoteza kazi za mshahara. Nje ya mji wasafirishaji walioitwa kumba-kumba walisukuma baiskeli zilizobeba mamia ya kilo za mawese, chumvi, nguo na sabuni katika njia za msituni kwa wiki nzima na zaidi, wakiwa na fimbo iliyofungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti ili kuongoza mzigo. Wataalamu wa miji ya Ulaya wangeiita Kisangani ya wakati huo mfano wa mji usio na moshi. Toleka hawakuwa na nafasi ya kuchagua, na miguu yao ililipa kile ambacho petroli haikulipa. Ila ustadi wao ni wa kweli na unastahili nafasi katika historia: walipanga vituo, nauli na vyama vyao wenyewe, wakauhudumia mji wa mamia ya maelfu ya watu bila kupata senti ya ruzuku.

Bwawa la Tshopo nalo lilipitia vita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yote yakiwa katika nchi isiyo yao, yalipigana ndani ya Kisangani. Mabomu zaidi ya 6,000 yaliangukia mitaa ya watu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliweka idadi ya raia waliouawa kati ya 244 na 760, na majeruhi zaidi ya 1,000. Daraja la Tshopo na eneo linalolizunguka lilikuwa kati ya pande mbili, na mji ulikosa umeme na maji. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko Den Haag iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyote. Kongo ilikuwa imedai pia fidia kwa ajili ya hasara za SNEL. Dai hilo lilikataliwa kwa sababu ushahidi haukutosha. Nyaraka za hasara ya mtambo hazikuandaliwa vizuri wakati wake, na hilo lina funzo gumu kwa taifa linalotaka kulinda mitambo yake.

Mto ulipofunguliwa tena baada ya mapatano ya amani, mafuta yalirudi, na pamoja nayo pikipiki. Za Kichina na za Kihindi ziliingia kwa wingi, nyingi zikipita barabara ya taifa namba 4 kutoka Uganda, Beni na Bunia baada ya ukarabati wake. Kidogo kidogo toleka wa katikati ya mji walinunua pikipiki au walikodishwa, na baiskeli zikasogea pembezoni. Usafiri uliharakishwa. Kijana aliyekuwa akimaliza siku kwa kukanyaga aliweza sasa kufanya safari nyingi zaidi bila kuumia magoti. Lakini kila lita anayoichoma imebebwa kwa lori mamia ya kilomita msituni au kwa jahazi kutoka Kinshasa, na njia moja ikikatika bei hupanda siku hiyo hiyo. Mji wenye mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa wingi wa maji unategemea matangi ya mafuta yanayotoka ng'ambo ya bahari.

Umeme wa Tshopo, kwa upande wake, umepungua huku watu wakiongezeka. Idadi ya wakazi imepita milioni moja, na kwa vipindi virefu mitambo yote mitatu haikuwahi kufanya kazi pamoja. Mitaa inapewa umeme kwa zamu. Kaya nyingi zinapika kwa makala, yaani mkaa, unaoshushwa kila asubuhi kwa baiskeli, pikipiki na mitumbwi kutoka msitu unaozidi kwenda mbali. Hivyo kuni, ambazo meli ziliziacha, hazikutoweka, zilihamia jikoni. Yangambi, kilomita mia moja hivi chini ya mto, ambako kituo cha utafiti wa kilimo kilianzishwa mwaka 1933, watafiti wamejaribu njia ya kati: mashamba ya miti inayoota haraka na mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuni za mashamba hayo. Huko huko kuna mnara wa mita 55, ulioanza kupima mwaka 2020 kiasi cha kaboni ambacho msitu wa bonde la Kongo unavuta na kutoa. Vipimo hivyo ndivyo vitakavyoonyesha kwa uhakika ni kuni kiasi gani msitu unaweza kutoa bila kudhoofika.

Suala la pikipiki za umeme limeingia kwenye mazungumzo ya Afrika Mashariki tangu Kigali na Nairobi zilipoanza kuziona mitaani na vituo vya kubadilishia betri kufunguliwa. Kwa Kisangani hesabu yake ni nyepesi kufanya. Pikipiki ya umeme hutumia takriban kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Megawati moja ikitolewa kwa saa nane za usiku, wakati viwanda na majiko vimelala, inazaa kilowati-saa 8,000, zinazotosha pikipiki kama elfu mbili kwenda kilomita mia kila moja siku inayofuata. Megawati tano zingehudumia pikipiki elfu kumi. Mtambo mmoja wa Tshopo ukifanya kazi vizuri unaweza kufika hapo kwa umeme ambao usiku hautumiwi sana, na hapo maji ya mji yangekutana na magurudumu yake kwa mara ya kwanza.

Hesabu hiyo inategemea masharti mawili. La kwanza ni mitambo yenyewe, kwa kuwa kila mtambo uliosimama ni maelfu ya pikipiki zinazorudi kwenye petroli. Goma imeonyesha tangu 2020 kwamba mtandao wa umeme wa jua wa megawati 1.3 unaweza kuhudumia mtaa mzima bila kusubiri gridi ya taifa, ijapokuwa mawingu ya Kisangani ni mazito na betri za kuhifadhi ni ghali. Sharti la pili ni umiliki. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani, na mwaka 2022 ilitia saini makubaliano na Zambia ya kutengeneza vifaa vya betri nyumbani. Betri nyingi za pikipiki zinatumia chuma na fosfeti badala ya kobalti, kwa hiyo faida haitakuja yenyewe kwa sababu ya madini peke yake. Itatokana na viwanda, mafundi na mikataba. Mwendesha pikipiki wa Mangobo anayekodi betri kutoka kampuni ya mbali atakuwa ameacha kulipia petroli ya kigeni na kuanza kulipia betri ya kigeni.

Mtoni mabadiliko yatachukua muda mrefu zaidi. Jahazi la kusukumwa linalopanda kutoka Kinshasa kwa wiki kadhaa linahitaji nishati nyingi kuliko betri yoyote ya leo inavyoweza kubeba kwa bei ya biashara. Vivuko kati ya ukingo wa kulia na Lubunga ni jambo jingine: safari ni fupi, inajirudia siku nzima, na hakuna daraja juu ya mto Kongo mahali hapa. Mtumbwi wenye injini ndogo ya umeme, unaochajiwa ukingoni kila baada ya safari chache, hauhitaji ugunduzi wowote mpya. Reli ya Ubundu iko Lubunga pia, ikisubiri mabehewa na vipuri, na kilomita zake 125 bado zinapita kando ya maporomoko saba ambayo hayajawahi kuzungusha hata mtambo mmoja.